Viwanja vya Florida: Nani Aliingia, Nani Alilipa?

(Haya ni mazungumzo yetu na wanakisomo. Tumeyaandika hapa ili na wale ambao hawakuwepo wayasome.)

 

Leo tunataka kuwatembeza mbali. Tutakwenda Marekani, kwenye jimbo moja la pwani linaloitwa Florida. Huko tutatembelea viwanja vya mchezo wa besiboli. Hatutapanda ndege wala meli. Tutakwenda kwa kusoma. Hiyo nayo ni faida moja ya kujua kusoma: mtu anafika mbali na nauli halipi.

Huenda mwenzetu mmoja atauliza, "Mpira wa Wamarekani unatuhusu nini sisi wakulima?" Swali hilo ni zuri. Jibu letu ni hili. Viwanja hivi vingi vilijengwa na miji midogo ili kuvuta wageni. Na sisi vijijini hujiwa na wageni. Huyu anataka ardhi ya kujenga hoteli. Yule anataka kuchimba mawe. Mwingine anataka kukodi shamba. Kila mgeni huja na maneno yake matamu. Miji ya Florida imepokea wageni wa mpira kwa zaidi ya miaka 100. Mingine ilifaidika, mingine ilibaki na majuto. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Basi tukitembelea viwanja hivi tubebe maswali mawili. La kwanza: Nani aliruhusiwa kuingia hapa? La pili: Nani alilipa?

Florida ni wapi

Florida iko kusini mashariki ya Marekani. Ni nchi kavu iliyochomoza baharini kama kidole. Upande wa mashariki kuna bahari ya Atlantiki. Upande wa magharibi kuna Ghuba ya Mexico. Kuna mchanga, minazi, na mashamba ya machungwa na mabalungi.

Sasa, Marekani ni nchi kubwa. Mwezi wa Januari na Februari, sehemu za kaskazini zina baridi kali. Theluji, ile tunayoiona juu ya kilele cha Kilimanjaro, huko huanguka mjini, barabarani, mpaka mlangoni. Huwezi kucheza mpira hapo. Lakini siku hizo hizo Florida kuna jua. Watu wanaoga baharini.

Mchezo wenyewe

Wale mliowahi kuona kriketi mtaelewa upesi. Besiboli ni mchezo wa timu mbili, kila timu watu 9. Mrushaji anasimama katikati na kurusha mpira mdogo mgumu. Umbali kati yake na mpigaji ni kama mita 18. Mpigaji ana fimbo nene, umbo lake karibu na mchi. Akiupiga mpira vizuri, anakimbia kuzunguka vituo vinne vilivyopangwa pembe nne. Kutoka kituo hadi kituo ni kama mita 27. Akivizunguka vyote na kurudi alipoanza, timu yake imepata pointi. Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji. Huyu huvaa kinyago cha chuma na glavu kubwa ya ngozi, kwa sababu mpira wa wachezaji wakubwa unaweza kuja kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari linalokimbizwa vibaya kwenye lami.

Mchezo huu si mgeni kabisa katika Afrika Mashariki. Dar es Salaam wanafunzi wa shule ya sekondari ya Azania wameucheza. Na mwaka 2012 watoto wa Lugazi, nchini Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika kila mwaka katika mji wa Williamsport, Marekani.

Kwa nini timu zinakwenda Florida

Ligi kuu ya besiboli ina timu 30. Timu 29 ni za Marekani, na moja ni ya Toronto, nchini Kanada. Kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu. Msimu huanza mwishoni mwa Machi na kuendelea mpaka Septemba. Karibu kila siku wanacheza. Kazi kama hiyo haianzwi bila maandalizi. Mkulima hasubiri mvua inyeshe ndipo atafute jembe.

Kwa hiyo katikati ya Februari timu huhamia kwenye joto kufanya mazoezi. Warushaji na wadakaji hufika kwanza, maana mkono wa mrushaji unahitaji muda mrefu kuzoea. Wengine hufuata. Timu 15 hufanya mazoezi Florida, na timu 15 hufanya jimbo la Arizona, ambako ni jangwa. Mwishoni mwa Februari huanza michezo ya kujipima nguvu, nayo huendelea karibu mwezi mzima.

Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1888 timu ya Washington ilikwenda kufanya mazoezi Jacksonville, kaskazini ya Florida. Timu zikaongezeka kidogo kidogo. Michezo ya Florida ikapewa jina la Ligi ya Mabalungi. Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya jina hili. Mwaka 1915, mjini Daytona Beach, kocha wa timu ya Brooklyn, Wilbert Robinson, alijigamba kwamba anaweza kudaka mpira ulioangushwa kutoka kwenye ndege. Rubani alikuwa mwanamke, Ruth Law. Badala ya mpira likaanguka balungi. Lilimpasukia kifuani. Kocha akaona maji yanamtiririka, akapiga kelele akidhani ni damu yake. Wachezaji wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Tunaona nini tukifika

Haya, tumefika. Tuanze na mji wa Bradenton, pwani ya magharibi. Uwanja wake ulifunguliwa mwaka 1923, na ndio mkongwe kuliko viwanja vyote vinavyotumiwa sasa na Ligi ya Mabalungi. Timu ya Pittsburgh imekuwa ikija hapa tangu mwaka 1969. Uwanja ni mdogo, uko katikati ya nyumba za watu.

Tukipanda kaskazini kidogo tunafika Clearwater. Timu ya Philadelphia imekuwa ikija mji huu tangu 1947. Uwanja wa sasa ulifunguliwa mwaka 2004. Nyuma ya wachezaji kuna mteremko wa majani. Watu hutandika nguo chini wakakaa na watoto wao, kama sisi tunavyokaa chini ya mwembe siku ya sherehe. Jirani yake ni mji wa Dunedin, ambako timu ya Toronto imekuwa ikija tangu ilipoanzishwa mwaka 1977.

Tukiiacha pwani na kuingia bara tunafika Lakeland. Timu ya Detroit ilianza kuja hapa mwaka 1934. Imekosa miaka ya vita tu, 1943 mpaka 1945, wakati serikali ilipotaka watu wapunguze safari. Uwanja wa sasa ulifunguliwa 1966, mahali palipokuwa na kiwanja cha ndege cha kufundishia marubani wa vita. Mzee wa Lakeland anaweza kuwaambia wajukuu, "Timu hii ilikuja baba yangu akiwa kijana."

Mtu akienda asubuhi anaona mengi zaidi kuliko mchana. Nyuma ya uwanja mkubwa kuna viwanja vidogo vya mazoezi. Hapo anaona mchezaji maarufu, anayelipwa mamilioni, akirudia jambo moja tu: kudaka mpira unaotambaa chini. Anadaka, anarusha. Anadaka, anarusha. Mara mia. Amecheza miaka 10 lakini bado anarudia mambo ya mwanzo. Sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima tunalielewa jambo hili. Kusoma kusiporudiwa hupotea.

Karibu na uzio wanasimama watoto na wazee wakiomba sahihi. Mchezaji husogea na kuandika jina lake kwenye mpira. Viwanja ni vidogo, kwa hiyo watu na wachezaji wako karibu. Wengi wanaowaonyesha watu viti vyao ni wazee waliostaafu.

Hayo ni mazuri, na ni ya kweli. Sasa tuyatoe maswali yetu mfukoni.

Swali la kwanza: Nani aliruhusiwa kuingia?

Kwa miaka mingi Florida ilikuwa na sheria za ubaguzi wa rangi. Watu Weusi na Wazungu hawakusoma shule moja, hawakula hoteli moja, hawakunywa maji bomba moja. Viwanjani Weusi walikuwa na lango lao na viti vyao, mara nyingi mahali pabaya kwenye jua. Na ligi kuu ya mpira haikumpokea mchezaji Mweusi hata mmoja.

Mwaka 1945 timu ya Brooklyn ilimwandikisha kijana Mweusi aitwaye Jackie Robinson. Ilimweka kwanza katika timu yake ndogo ya Montreal. Mwaka 1946 akaitwa Florida kwa mazoezi. Yeye na mkewe Rachel, waliooana siku chache tu kabla, walisafiri kutoka California. Njiani waliondolewa kwenye ndege ili nafasi zao wapewe wengine. Walimalizia safari kwa basi, na humo wakaamriwa kukaa viti vya nyuma.

Mazoezi yalianza katika mji wa Sanford. Baada ya siku chache kukaja vitisho. Ikabidi Robinson na mwenzake Mweusi, mrushaji John Wright, waondoke haraka kwenda Daytona Beach. Hapo familia moja ya Weusi iliwapa akina Robinson chumba, kwa sababu hoteli ya wenzake haikumpokea. Timu ilipokwenda Jacksonville kucheza ilikuta lango limefungwa kwa kufuli. Sababu ilijulikana.

Lakini Daytona Beach haikufunga lango. Tarehe 17 Machi, 1946, Robinson aliingia uwanjani na kucheza dhidi ya timu kuu ya Brooklyn. Watazamaji Weusi walijaa katika sehemu waliyotengewa. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Aprili, 1947, Robinson alicheza katika ligi kuu. Leo uwanja ule wa Daytona Beach unaitwa kwa jina lake, na sanamu yake imesimama hapo. Namba aliyovaa, 42, haipewi tena mchezaji yeyote wa ligi kuu. Kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huivaa kwa siku moja kumkumbuka.

Msidhani mambo yaliisha hapo. Wachezaji Weusi waliongezeka, wakawa mashujaa, watu wakalipa kuwaona. Lakini jioni mchezo ukiisha, Wazungu walikwenda hotelini, na Weusi walikwenda kutafuta chumba katika nyumba za Weusi wenzao. Alikuwa analeta fedha mjini, lakini kitanda mjini hapati. Mambo yakaendelea hivyo miaka 15.

Katika mji wa St. Petersburg kulikuwa na daktari Mweusi, Ralph Wimbish. Yeye alikuwa akisaidia kuwatafutia wachezaji hao mahali pa kulala. Mwaka 1961 akasema, basi. Hatawatafutia tena. Tuone, kwa nini alikataa kusaidia? Alitambua kwamba msaada wake ulikuwa unaziba aibu ya mji. Akiendelea kusaidia, wenye hoteli hawatabadilika. Mwaka huo huo mchezaji Bill White wa timu ya St. Louis alilalamika hadharani juu ya mwaliko wa chai ya asubuhi ya wafanyabiashara wa mji, uliopelekwa kwa wachezaji Wazungu. Habari ikaandikwa magazetini na kusomwa nchi nzima. Mji uliogopa kupoteza timu. Mwaka uliofuata wachezaji wote wa St. Louis, Weusi na Wazungu, walikaa pamoja na familia zao katika nyumba moja ya wageni. Bill White mwenyewe baadaye, mwaka 1989, alichaguliwa kuwa rais wa mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Alikuwa Mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo.

Basi mtu akitembelea viwanja vya Florida leo na kukaa popote anapotaka, ajue nafasi ile haikutoka mbinguni. Watu waliidai.

Swali la pili: Nani alilipa?

Uwanja ni mali ya gharama. Kuna majani ya kumwagilia, taa, viti, vyoo, paa. Viwanja vingi vya Florida si mali ya timu. Ni mali ya mji au ya wilaya, ambayo huko huitwa kaunti. Timu ni mpangaji.

Fedha zinatoka wapi? Njia moja kubwa ni kodi ya wageni. Sheria ya mwaka 1977 iliziruhusu wilaya za Florida kutoza kodi kidogo juu ya bei ya chumba cha hoteli. Tufanye hesabu ya mfano. Chumba ni dola 100 kwa usiku. Kodi ni dola 5 katika kila 100. Wakija wageni 1,000, kila mmoja na chumba chake, wakalala usiku 4, wamelipia vyumba dola 400,000. Kodi itakuwa dola 20,000. Fedha hiyo inaweza kujenga uwanja. Lakini inaweza pia kutunza ufuko wa bahari, au kutangaza mji kwa njia nyingine. Kwa hiyo mtu akisema, "Uwanja huu ni bure, unalipwa na wageni," tumwambie si bure. Fedha iliyokwenda hapa haikwenda kule.

Wenye hoteli na wauza chakula wanaupenda mwezi wa Machi, nao wana sababu. Watu hutoka kaskazini kwa ajili ya timu yao. Lakini wachumi wengi waliochunguza viwanja vya mpira wameona kwamba faida kwa mji huwa ndogo kuliko inavyotangazwa. Wageni wengine wangekuja hata pasipo mpira, maana Machi ni wakati ambao watu wa kaskazini hukimbilia jua.

Sasa tusikilize visa vitatu.

Kisa cha kwanza ni Homestead, kusini kabisa ya Florida. Mji huu ulijenga uwanja mpya kwa ajili ya timu ya Cleveland. Timu ilikuwa ije mwaka 1993. Agosti 1992 kimbunga kiitwacho Andrew kiliupiga mji. Nyumba zilibomoka, uwanja ukaharibika. Uwanja ukatengenezwa tena, lakini timu ilikuwa imekwenda mji mwingine, Winter Haven. Haikuja Homestead. Wala hakuna timu nyingine ya ligi kuu iliyokuja kuufanya makao yake.

Kisa cha pili ni Fort Myers. Mji ulijenga uwanja, na timu ya Boston ikaanza kuutumia mwaka 1993. Haikupita miaka 20, timu ikataka uwanja mkubwa zaidi. Ikawa inazungumza na mji wa jirani, Sarasota. Wilaya ikaogopa. Ikajenga uwanja mwingine nje ya mji, uliofunguliwa 2012, wenye ukuta mrefu wa kijani unaofanana na ule wa uwanja wa Boston kwenyewe. Uwanja wa kwanza ukabaki bila timu ya ligi kuu. Uwanja huo wa zamani ulikuwa bado mzima.

Kisa cha tatu ni Vero Beach, pwani ya mashariki, na hiki ndicho kinachowaumiza watu zaidi. Timu ya Brooklyn ilianza kuja hapa mwaka 1948, katika kambi ya zamani ya ndege za jeshi la majini. Wachezaji Weusi na Wazungu walilala na kula pamoja kambini, jambo ambalo nje ya lango halikuwezekana. Uwanja mzuri ulifunguliwa mwaka 1953. Hata timu ilipohama Brooklyn na kwenda Los Angeles, mwaka 1958, bado ilirudi Vero Beach kila mwaka. Watu wa mji waliihesabu kama ndugu. Lakini Los Angeles iko upande wa pili wa nchi, na mashabiki wake walikuwa mbali. Mwaka 2001 wilaya ililinunua eneo lile ili timu isiondoke. Mwaka 2008 timu ilicheza hapo kwa mara ya mwisho, kisha ikahamia Arizona, karibu na mashabiki wake. Miaka 60 ya urafiki ikaisha.

Hatusemi timu ilifanya dhambi. Timu ni biashara, nayo ilitazama faida yake. Tunachosema ni kwamba urafiki ni kitu kimoja, na mkataba ni kitu kingine. Mji uliotegemea mapenzi peke yake umejifunza kwa uchungu. Vero Beach haikufa. Tangu mwaka 2019 eneo lile liko chini ya uongozi wa ligi kuu yenyewe, nalo hutumika kufundishia vijana. Limepewa jina la Jackie Robinson.

Hata St. Petersburg, mji uliopokea timu ya kwanza mwaka 1914, haina tena timu ya mazoezi. Ya mwisho iliondoka 2008. Uwanja wake sasa unachezewa kandanda, ule mpira wetu wa miguu. Na Lakeland? Bado Detroit inakuja, na uwanja ni mali ya mji. Timu ya kaskazini ikiondoka mwisho wa Machi, timu ndogo ya vijana inaendelea kucheza hapo wakati wa kiangazi. Uwanja haulali miezi 11 ukingoja mgeni wa mwezi mmoja. Hapo kuna la kujifunza.

Na nani alilipwa?

Swali hili ni mtoto wa lile la pili. Pale kwenye viwanja vidogo vya nyuma tuliona vijana wengi. Ni wa ligi ndogo, wanaotafuta nafasi ya kupanda. Timu kuu huanza msimu na wachezaji 26 tu. Vijana wengi walio mazoezini hawatafika huko.

Kwa miaka mingi vijana wa ligi ndogo hawakulipwa mshahara wakati wa mazoezi ya Florida na Arizona. Walitoka jasho juani kutwa, wakaambiwa haya ni mazoezi, si kazi. Mwaka 2014 baadhi yao walikwenda mahakamani. Kesi ilichukua miaka 8. Mwaka 2022 ligi ilikubali kulipa dola milioni 185 ili kuimaliza. Mwaka 2023 vijana hao, wakiwa ndani ya chama cha wachezaji, walipata mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Mmoja peke yake asingeweza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tunachukua nini nyumbani

Wenzetu, mgeni akija kijijini tumkaribishe. Mgeni ni baraka, nasi hatutaki kuwa watu wa kufukuza baraka. Lakini kabla ya kupiga vigelegele, karatasi isomwe. Isomwe kwa sauti, kwenye mkutano wa kijiji, kwa lugha tunayoijua. Asiyeelewa aulize. Kuuliza si utovu wa adabu.

Tutafute mambo haya ndani yake. Mkataba ni wa miaka mingapi? Mgeni akiondoka kabla ya muda, anaacha nini? Jengo likiharibiwa na mvua au upepo, nani anatengeneza? Fedha ya kujenga ikitumika hapa, ni kazi gani ya kijiji itakayongoja? Mgeni asipokuwepo, sisi tutalitumiaje? Vijana wetu watakaofanya kazi watalipwa nini, na kuanzia siku gani? Na je, mtoto wa hapa atapita kwenye lango lile, au atachungulia kwenye uzio?

Kama jambo halikuandikwa, lisihesabiwe. Ahadi ya mdomo hupeperushwa na upepo.

Kuna mzee atakayesema, "Mimi nimejifunza kusoma juzi tu. Mkataba wa kurasa 20 nitauweza wapi?" Mzee wetu, usiogope. Soma nawe ukurasa mmoja, jirani asome wa pili, mwalimu asaidie penye neno gumu. Usisaini siku ile ile. Mgeni mwema atangoja wiki moja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini timu za besiboli huenda Florida mwezi wa Februari?
2. Daktari Wimbish aliacha kuwatafutia wachezaji vyumba. Je, alifanya vizuri? Toeni sababu.
3. Chumba ni dola 80 kwa usiku, na kodi ni dola 5 katika kila 100. Mgeni mmoja akilala usiku 10, kodi yake ni dola ngapi?
4. Ninyi mngekuwa viongozi wa Vero Beach mwaka 2001, mngetaka nini kiandikwe katika mkataba?
5. Kijijini kwenu kuna mradi gani wa mgeni? Nani ameusoma mkataba wake? Unawekwa wapi?

Swali la 5 msilijibu kwa kukisia. Nendeni ofisi ya kijiji mkaulize, mkarudi na jibu.